Wodi Iliyokosa Wagonjwa

Mtu mwingine akikuta wodi haina wagonjwa humshukuru Mungu akaenda zake kunywa chai. Sista Kamanda alipoikuta yake haina wagonjwa alipandwa na hasira, akaanza kuhesabu upya kutoka mlangoni, safari hii akigusa kila kitanda kwa kalamu. Jibu likawa lile lile: vitanda ishirini na vinne, wagonjwa watatu. Na hata hao watatu walikuwa wa kubabaisha. Wa kwanza alikuwa amepona tangu Ijumaa, ila Sista alimwandikia "bado yuko chini ya uangalizi" na kumfichia viatu. Wa pili alikuwa na kwikwi. Wa tatu alikuwa mlinzi wa getini, aliyeingia kunyoosha mgongo dakika tano akidhani hakuna anayemwona.

Mlinzi alikurupuka. "Samahani Sista, nilikuwa tu..."

"Lala hapo hapo," alisema Sista Kamanda akifungua rejesta. "Unakohoa?"

"Hapana."

"Hebu jaribu."

Mlinzi akajaribu. Kikatoka kikohozi chembamba cha aibu, cha mtu anayebisha hodi nyumbani kwa wakwe. Sista Kamanda alikisikiliza kwa masikio yaliyosikia vikohozi vya kweli kwa miaka kumi na miwili, akafunga rejesta, akamwambia arudi getini na asimpotezee muda.

Jina la Kamanda hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa, na sababu utaijua siku utakayomsikia akimwamuru mzee wa miaka themanini avute pumzi. Wodi yake, Wodi ya Nne, ilikuwa ya wazee wenye maradhi ya kifua, na zaidi ya nusu yao siku zote walikuwa na nimonia. Enzi zile mvua zikianza tu na baridi ikashuka, wazee wa mji mzima walikuja kana kwamba wameitwa kwa barua. Walibebwa mgongoni, walisukumwa kwenye toroli, mmoja aliletwa juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Walilala wawili wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kule, wakigombania blanketi. Waliopona walirudi msimu uliofuata na kuuliza kama kitanda chao kipo. Wengine hawakurudi, na wenzao walikaa kimya jioni nzima kisha wakaendelea na drafti.

Wodi hiyo aliiomba mwenyewe. Baba yake alifia humo, kitanda cha dirishani, siku ya sita ya nimonia, msimu ambao kioo cha dirisha lile kilikuwa kimevunjika na watu wa matengenezo wakakiziba kwa boksi. Wiki mbili baada ya msiba alikwenda ofisini akaomba ahamishiwe pale. Hakueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo hakuna kioo cha Wodi ya Nne kilicholala kimevunjika. Watu wa matengenezo wakimwona anakuja hushika ngazi kabla hajafungua mdomo. Na kila mzee aliyetoka humo kwa miguu yake, Sista alimsindikiza hadi getini, akarudi anahisi mzigo umepungua kidogo. Hiyo wodi kwake haikuwa kazi tu. Ilikuwa mahali pa kumwomba baba yake radhi.

Sasa fikiria ilivyokuwa asubuhi hiyo hiyo ilipokuja barua. Daktari Mkuu wa hospitali aliandika kwamba kwa kuwa Wodi ya Nne kwa misimu mitatu mfululizo haijafikisha hata robo ya vitanda vyake, kikao cha Alhamisi ya wiki ijayo kitajadili kuifunga na kukabidhi chumba kwa kliniki ya watoto.

Kliniki ya watoto maana yake ni Mama Chanjo. Huyu alikuwa muuguzi mfupi wa mviringo, mwepesi wa kucheka, aliyewadunga sindano nusu ya wakazi wa mji kabla hawajajua kusema hapana. Kliniki yake ilikuwa barazani. Foleni ya kina mama ilianzia mezani kwake, ikazunguka stoo, ikafika kwenye karo la kufulia, na mvua ikinyesha watoto walifunikwa kwa mifuko ya plastiki. Chumba alikihitaji kweli, hata adui yake angekubali. Lakini adui yake alikuwa Sista Kamanda, na hawakuwa wakisemezana vizuri tangu Mama Chanjo alipoazima benchi la Wodi ya Nne na kulirudisha limekojolewa.

"Naibiwa wagonjwa," Sista Kamanda alimwambia mumewe alipofika nyumbani.

Mumewe, fundi bomba asiyependa maneno mengi, aliuliza ni mwizi gani huyo anayeiba wazee wanaokohoa.

Kesho yake, baada ya zamu, Sista alijitanda mtandio hadi puani, akavaa miwani ya jua ya mwanawe, akaenda kwenye hospitali ya binafsi iliyofunguliwa karibu na stendi. Kule kila kitu kinang'aa hadi ndoo ya takataka, na yeye alikuwa na hakika kwamba ndiko wazee wake walikohamia. Pale mapokezi alisema anamtafuta mjomba wake anayeumwa kifua. Akapelekwa wodini. Vitanda vinane vilivyotandikwa vizuri, mgonjwa hata mmoja hakuna. Muuguzi wa zamu alimtazama juu hadi chini.

"Wewe si Kamanda wa Wodi ya Nne?"

Sista Kamanda akavua miwani.

"Afadhali umekuja mwenyewe," yule muuguzi alisema. "Nimetaka siku nyingi kukuuliza. Hao wazee mnawapa nini huko kwenu hata hawaji tena kwetu?"

Walitazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake. Mwishowe walikunywa chai pamoja kwa huzuni kati ya vitanda vitupu, wakikumbushana misimu mizuri ya nimonia.

Basi, kama wagonjwa hawaibiwi, ipo dawa ya siri. Ndivyo Sista Kamanda alivyokata shauri. Alifukua rejesta ya miaka sita nyuma, mwaka wa mwisho ambao wodi ilifurika, akaandika majina arobaini ya wazee waliotoka salama, akaanza kuwafuata nyumbani mmoja mmoja na daftari mkononi. Amjue huyo tabibu au hiyo dawa, ampeleke mbele ya kikao, aseme: huyu hapa anayewadanganya wazee, na kesho watadondoka wote kwa pamoja na nyinyi mmeshafunga wodi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mstaafu, aliyelazwa kwake mara nne. Alimkuta juu ya paa akigongelea bati.

"Shikamoo, Mwalimu! Shuka, utaumia!"

"Marahaba, Sista!" sauti ilitoka juu, nzito na safi. "Nipokelee hiyo misumari!"

Misumari yenyewe ilikuwa imeshikwa na mjukuu wa miaka minne, na wajukuu wengine wawili walikuwa wakipigana chini ya ngazi. Sista aliwaruka. Mwalimu alieleza, bila kuacha kugonga, kwamba siri ni kuoga maji baridi alfajiri na kusoma kwa sauti ili mapafu yasizembee. Sista akaandika: maji baridi, kusoma.

Wa pili alikuwa Dereva wa Greda, mtu wa kifua kipana ambacho zamani kilimsaliti kila mvua. Huyu aliapa kwamba alipona siku alipoacha kusemezana na shemeji yake. "Yule ndiye aliyekuwa ananiziba kifua, Sista. Nilipomfungia mlango tu, hewa ikaingia." Sista akaandika: shemeji.

Wa tatu alikuwa Fundi Saa, mzee wa miaka sabini na mitatu ambaye ukoo mzima uliwahi kukusanyika mara mbili kumuaga, na mara zote mbili akawaangusha. Alimkuta mezani kwake na lenzi jichoni, mjukuu wa kike amemkalia mapajani akila mkanda wa saa.

"Dawa ni kuoa," Fundi Saa alisema kwa fahari. "Nilioa mwaka juzi. Tangu hapo sijakohoa."

"Mwongo huyo!" mkewe mpya alipaza sauti kutoka jikoni. "Alikuwa mzima kabla hajaniposa! Mimi nikubali kuolewa na kifua kinachopiga filimbi?"

Sista akaandika: kuoa, halafu akaweka alama ya kuuliza.

Kwa siku tano alifika nyumba thelathini na moja kati ya zile arobaini. Katika hizo alimkosa mmoja tu, na huyo alikuwa marehemu, lakini hakufa kwa nimonia. Alianguka kwenye pikipiki aliyokuwa akijifunza kuendesha akiwa na miaka themanini na moja. Waliobaki walikuwa wazima kuliko anavyotakiwa mtu aliyekula chumvi kiasi hicho. Sita walitaja tangawizi. Wanne walitaja kitunguu saumu. Watatu walitaja sala, mmoja alitaja soksi, na wawili walisema hawajui sababu wala hawataki kuijua wasije wakaiharibu. Katika nyumba hizo Sista Kamanda alikanyaga midoli, alikojolewa mara moja, na alisalimiwa na mikono mingi midogo iliyotoka puani muda huo huo. Hakuyaandika hayo. Watoto hawakuwahi kuwa kazi yake.

Jumanne mchana alikuwa katika chumba cha wauguzi, chakula kinapoa mbele yake, akilinganisha tangawizi na kitunguu saumu, Mama Chanjo alipoingia. Mama Chanjo alilisoma daftari kichwa chini miguu juu, maana hana haya.

"Dada," alisema, "umesahau kuandika wajukuu."

"Wajukuu wa nini?"

"Hao wazee wako wanaishi na nani?"

"Wanaishi na watu wao. Wake, wakwe, sijui nani."

"Na wajukuu. Na hao wajukuu wote nimewadunga mimi." Mama Chanjo alikwenda barazani, akarudi na rejesta yake kubwa yenye madoa ya maziwa, akaiweka kando ya daftari. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, vikafanana. Kwa Mwalimu watoto watatu, wote wamekamilisha. Kwa Dereva wa Greda wawili. Kwa Fundi Saa mmoja.

"Nisikilize, usinikatize," Mama Chanjo aliendelea. "Yule mdudu anayeleta ile nimonia yenu kali anapenda pua za watoto wadogo. Anakaa humo, na mtoto anacheza tu, pengine hata homa hana. Halafu anampigia babu yake chafya usoni, na babu ndiye anayekuja kulala kwako. Sindano tuliyoanza miaka mitano iliyopita, mtoto akifikisha wiki sita, kumi na kumi na nne, inamnyima huyo mdudu pa kukaa. Sikuambii nimonia imekwisha, zipo za aina nyingi na wazee bado wataugua. Ila yule aliyekuwa akikujazia vitanda, njia yake kubwa imezibwa."

Sista Kamanda alifunga daftari.

"Mtoto adungwe, apone babu."

"Asiugue babu. Ndiyo."

"Basi leo nitakula mimi, utashiba wewe." Akavuta sahani yake.

Mama Chanjo alicheka hadi akashika meza. Sista Kamanda hakucheka. Alibeba sahani, daftari na hasira zake akaenda kulia chakula wodini, kwenye kitanda cha dirishani, peke yake. Maneno yale hakuyataka. Hakuyataka kwa sababu yangemnyang'anya wodi, hiyo ilikuwa wazi. Lakini nyuma ya hilo palikuwa na jambo lingine ambalo kila alipolikaribia akili yake iligeuka na kwenda kuhesabu mashuka.

Dawa ya upuuzi ni mashahidi, akajisemea. Jumatano alipita tena mtaa kwa mtaa. Aliwaambia wazee wote neno moja: Alhamisi saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, njooni muiombee wodi yenu. Daktari Mkuu awaone kwa macho yake, ajue anawafungia watu gani mlango.

Chumba cha mikutano kilikuwa juu kabisa, na lifti ilikuwa imekufa tangu enzi za Daktari Mkuu aliyepita. Ngazi zilikuwa sitini na mbili. Daktari Mkuu wa sasa, mtu wa makamo aliyependa kiti chake, alifika akihema, akaonyesha kwa kidole kwamba kikao kimefunguliwa, kisha akahitaji dakika kumi na glasi mbili za maji kabla ya kusema kwa mdomo. Mama Chanjo alikaa upande wa kushoto na karatasi moja. Sista Kamanda alikaa kulia, mgongo wima, daftari mapajani, akitega sikio mlangoni.

Akazisikia nyayo. Zilipanda zikiwa nyingi, zikiambatana na ubishi mkubwa kuhusu mpira. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wazee ishirini na saba waliovaa nguo zao nzuri, bado wakibishana. Mwalimu Mstaafu alikuwa amepanda ngazi mbili mbili na alitaka kila mtu ajue. Sista Kamanda aliinuka, moyo umejaa. Ishirini na saba! Hata yeye hakutegemea.

Halafu masikio yake yakaanza kazi bila kuombwa ruhusa. Alisubiri. Watu ishirini na saba wa umri ule, ngazi sitini na mbili, asubuhi ya baridi, mvua imenyesha tangu alfajiri. Alisubiri mluzi wa kwanza, mkwaruzo wa kwanza, ile sauti ya maji chini ya mbavu ambayo angeitambua akiwa usingizini. Hakikuja kitu. Aliyekuwa akihema chumbani mle alikuwa Daktari Mkuu peke yake.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema Daktari Mkuu.

"Marahabaa!" Vioo vilitikisika.

"Nimeambiwa mmekuja kuiombea Wodi ya Nne."

Mwalimu Mstaafu alisimama na hotuba aliyoiandika. Alisema wodi ile imewalea. Alisema kuifunga ni kuwavunjia heshima wazee. Alisema mengi, na kwa sauti ambayo mwimbaji angeitamani.

"Asante sana, Mwalimu. Mara ya mwisho kulazwa ilikuwa lini?"

Mwalimu alihesabu kwa vidole, akarudia. "Inapata miaka minne," alisema. Akaona inavyosikika, akaongeza haraka: "Lakini nia ninayo!"

Karani wa takwimu aliinama chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Tuseme tu ukweli," Dereva wa Greda aliingilia. "Tumekumbukana, Daktari. Pale tulikuwa tunaonana kila mvua. Siku hizi sote wazima, tunasalimiana misibani tu, na misiba yenyewe imepungua."

Wazee wakaunga mkono kwa sauti. Sista Kamanda alitamani sakafu ipasuke. Aliwaita kumtetea, na kila aliyefungua mdomo alimzika kwa afya yake. Mama Chanjo, na hili nalisema kwa haki, hakucheka hata kidogo. Karatasi yake aliigeuza kifudifudi mezani. Hapakuwa tena na haja ya kuisoma.

Ndipo akaingia wa ishirini na nane. Fundi Saa alikuwa amechelewa kwa sababu mama wa mtoto alikuwa kazini na mkewe alikuwa sokoni, hivyo alimfunga mjukuu kifuani kwa kitenge na kupanda naye hivyo hivyo. Mtoto alikuwa amelala. Mdomo wazi, kamasi mbili zimeshuka hadi mdomoni, na kila pumzi aliyotoa ilikwenda moja kwa moja kidevuni na puani mwa babu yake.

"Mtoe!" Sista Kamanda alipiga kelele. "Mtoe kifuani! Mtoe sasa hivi!"

Kikao kizima kiliruka. Tayari alikuwa ameizunguka meza, mikono mbele, kama anayeokoa mtu motoni.

"Dada," Mama Chanjo alisema taratibu. "Mwache. Huyo nimemdunga mwenyewe, zote tatu."

Sista Kamanda alisimama hapo, mikono bado hewani. Lile jambo alilokuwa akilikwepa tangu Jumanne likamfikia, na safari hii hapakuwa na mashuka ya kuhesabu. Alimwona baba yake kwenye kiti cha uani. Alimwona mwanawe wa kwanza, wakati ule ana miaka miwili, amejilaza kifuani pa babu yake, makamasi yakimtiririka, anakoroma. Ilikuwa hivyo kila jioni, msimu mzima wa mvua. Mikono akaishusha.

"Fungeni wodi," alisema.

Daktari Mkuu, aliyejiandaa kwa vita vya saa mbili, alibaki na kalamu mkononi. Wazee waliguna. "Sista, umetuita ili utuuze?" Mwalimu aliuliza.

"Baba yangu alikuwa akimlaza mwanangu kifuani," alisema, na sauti iliyokuwa ikisikika hadi jikoni sasa ilisikika kwa shida. "Mtoto ana makamasi, homa hana. Mimi niko zamu. Nikamwambia baba, kaa naye wewe, kwako halii. Wiki mbili baadaye nikamleta hapa. Miaka kumi na miwili, Daktari, nimekuwa nikigombana na vioo vya madirisha."

Dereva wa Greda alivua kofia.

"Hakuna anayejua kama ilikuwa hivyo," Mama Chanjo alisema. Alikuwa ameinuka na kusimama karibu naye. "Na sindano ilikuwa haijaja, dada yangu. Hata ungejua, ungefanya nini? Ungemnyima mtoto kifua cha babu yake?"

Sista Kamanda alitikisa kichwa. Asingeweza. Baba yake asingekubali kamwe. Angemfukuza yeye na kubaki na mjukuu.

"Kichukue hicho chumba," alimwambia. "Kichukue leo. Na hawa wazee wakikumbukana, walete wajukuu wao kwenye sindano, wakae humo wabishane mpira mpaka wachoke."

Fundi Saa alikuwa bado amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke, mkono mmoja mgongoni pa mtoto. "Sasa huyu nifanye naye nini, Sista?" aliuliza kwa woga.

Kabla hajajibiwa mtoto aliamka, akakunja uso, akavuta hewa, akampigia babu yake chafya kubwa katikati ya uso, na lenzi ya saa iliyokuwa imebaki kwenye paji ikaloa. Chumba kizima kilimgeukia Sista Kamanda. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi na hakuyafuta.

"Mwache hapo hapo, mzee," alisema. "Mkumbatie vizuri."

"Mafua lakini atayapata," Mama Chanjo alisema, maana kazi ni kazi.

"Ayapate," alijibu Sista Kamanda. "Atakohoa nyumbani kwake."